Elizabeti wa Shirika Letu

Kila mwaka majilio yakikaribia, mama kiongozi wa shirika letu hugawa nafasi za mchezo wa Noeli kabla hata wimbo wa mwisho haujaisha. Shirika ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, nyumba za barabara mbili tatu hapa Mapendo, mjini Goma, tunaosali pamoja kila wiki, tunaozikana na kusengenyana. Maria huwa ni msichana wa kwaya, na kila mwaka ni mpya, kwa sababu Maria wa mwaka uliopita ama ameshaolewa ama ameonekana nyuma ya pikipiki ya kijana fulani. Yosefu naye hubadilika. Mamajusi hugombaniwa, maana wanavaa taji. Mimi tu ndiye sibadilishwi. Tangu mwaka wa tatu wa ndoa yangu mimi ni Elizabeti, yule mke wa kuhani aliyezeeka bila mtoto, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nafasi hiyo naitaka.

“Hakuna mutu anaweza kuifanya muzuri sawa weye,” mama kiongozi huniambia, na wengine wote huitikia kwa vichwa.

Sikuwa mzee. Meno yangu yote yalikuwepo na mgongo ulikuwa umenyooka. Lakini walikuwa wamenipima kwa macho yao wakaona nguo inanitosha, wakanivika. Mto wa kufunga tumboni, maana Elizabeti hupata mimba uzeeni, niliushona mwenyewe, kwa mabaki ya vitambaa, kwa kuwa mimi ndiye mshonaji wa shirika na mavazi yote ya mchezo hupitia mikononi mwangu.

Mashini yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, kwa hiyo umeme ukikatika, na hapa unakatika, mimi naendelea na kazi. Desemba ndio mwezi wangu. Kila mama wa Goma anataka mtoto wake aende misa ya Noeli na nguo isiyowahi kuvaliwa na mtu, hata kama nyumbani sufuria hupanda mekoni mara moja kwa siku, na Noeli ikipita anataka nyingine ya Bonane, yaani ya mwaka mpya. Basi majilio yote nashinda nikipima mabega ya watoto wa watu, nikiwageuza huku na huku, nikiwaambia wasicheke ili pini isiwachome. Mama zao husimama mlangoni wakisema, “Pole, huyu hatulii.” Nami najibu kwamba hakuna shida. Huwa najibu hivyo mpaka shingo inauma.

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiyezaa, watu hawajui wamwiteje. Kwa muda waliniita madame, halafu Mama Mushonaji, na mwishowe jina la mchezo likaning'ang'ania. Hata muuza dagaa wa sambaza asiyesali popote huniita Elizabeti.

Sasa niseme jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Mwaka wa nne wa ndoa tulikwenda kwa daktari, mume wangu na mimi, kwa sababu daktari alikataa kunipokea tena nikiwa peke yangu. Alitupima wote wawili, siku nyingine akatuita tukae mbele yake. Akatueleza kwa Kifaransa cha polepole kwamba kwangu hakuna kasoro yoyote, na kwamba mume wangu hana uwezo wa kuzalisha, na dawa ya kubadilisha hilo haipo. Alilirudia kwa maneno mengine ili tuelewe. Mume wangu alimshukuru, akafunga vifungo vya koti lake, tukatoka.

Tulitembea juu ya mawe yetu meusi ya volkano. Alisimama karibu na mama mmoja muuza makaa, akaniambia bila kunitazama, “Hii maneno ibakie kati yetu. Batu bakijua, nimekufa. Weye ni mwanamuke, batakuonea huruma. Miye batanicheka.”

Nilikubali. Nilimpenda, tena nilikuwa nimelelewa kwamba mke ndiye kifuniko cha nyumba. Siri ya mtungi aijuaye kata, nikajiambia, basi mimi nitakuwa kata. Wala sikuwa na pa kukimbilia. Kwetu ni milima ya Masisi, na nyumba ya baba yangu iliteketea vitani pamoja na zizi la ng'ombe. Ndugu zangu wametawanyika kwenye makambi na katika vyumba vya kupanga. Mwanamke asiye na kwao hujifunza haraka kunyamaza.

Tangu siku ile huruma ya watu niliila kama foufou, ugali wetu, asubuhi na jioni. Waliniletea majani ya kuchemsha. Waliniwekea mikono juu ya tumbo. Mume wangu aliwafungulia mlango, akawapa viti, akakaa pembeni akiwa amekunja uso wa mtu anayevumilia msalaba. Ana duka la vipuri vya pikipiki kule Birere na watu wanamheshimu kwa upole wake. “Mungu amekupa mume,” wanawake waliniambia. “Mwingine angekuwa ameshaleta wa pili.” Nilikuwa nasema ndiyo.

Mama yake anakaa Butembo. Ni mjane, mfanyabiashara wa vikwembe, yaani vitenge, mwanamke wa safari ndefu na maneno mafupi. Kila Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, na gari likija, kifurushi cha majani ya kuchemsha. Hakunitukana hata mara moja, hilo nalikiri. Alisema tu, “Mwanamuke wa akili hakosaki mutoto.” Au alisema, “Mutoto ni wa yule alitoa mbuzi,” maana kwao mahari ni mbuzi, na mbuzi wakishafika, kila kitakachozaliwa na mke yule ni cha ukoo ule. Nilidhani ananikumbusha deni langu. Mwaka mmoja alimtuma mdogo wake mume wangu aje akae kwetu, asaidie dukani. Kijana mwenye adabu, akila anashukuru. Alikaa mwaka mzima, akarudi Butembo.

Upande wa kanisa nako kulikuwa na katekista. Kila tunapofanya mazoezi ya mchezo alisimamisha kila kitu ili atoe fundisho. “Elizabeti alingojea,” alisema. “Hakulalamika. Alimutii Mungu, alimutii bwana wake, na muone, alipata.” Halafu wote walinigeukia kwa huruma ile ile, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

Nilimchukia Elizabeti, nasema wazi. Kwangu alikuwa mwanamke aliyepata, anayetumiwa kuwachapa wasiopata. Mvumilivu hula mbivu, walisema. Mimi nilichoona ni mbivu zikiliwa na jirani.

Majilio haya yaliyopita maji ya bomba yalipotea mtaani kwetu. Mji ulikuwa umetekwa na kupata wakubwa wapya, benki zimefungwa, kambi ya jeshi ya Katindo ina sura ambazo hatuzijui, na juu ya hayo tukawa tunashinda kwenye foleni ya maji na bidoni zetu za njano. Mama kiongozi alikuwa ameniambia niongeze maneno machache katika nafasi yangu, kwa hiyo siku moja nilibeba Maandiko kwenye foleni. Nilikuwa sijawahi kuisoma habari ile mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nikisomewa.

Nilichokiona kwanza ni kwamba yule mwanamke anaitwa mwadilifu mbele ya Mungu kabla hajapata kitu. Tumbo ni tupu, majirani wanamhesabu kuwa ni aibu, na mbinguni jina lake liko safi tayari. Mtoto anakuja baadaye, wala si yeye anayeleta ule uadilifu. Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka mstari.

Halafu nikafika kwa mume. Mume anaambiwa habari njema na malaika mwenyewe, hasadiki, anafungwa mdomo. Miezi yote ile ya tumbo la mkewe anaishi bubu, anapunga mikono. Nilicheka peke yangu pale kwenye foleni, mama aliyekuwa nyuma yangu akasogeza bidoni yake mbali kidogo. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo kwamba hapo alifanya kazi nzuri, ila Zakaria alifungwa mdomo kama adhabu, na wangu aliufunga mwenyewe akakaa raha.

Na kuna sehemu ya mwisho. Mtoto amezaliwa, ukoo umejaa nyumbani, wameshaamua jina, jina la baba. Mama mzazi anasema hapana. Mwanamke mmoja, ametoka kujifungua juzi, anawaambia wakwe wote hapana, Mungu amesema jina lingine. Wanabishana naye. Wanampita, wanakwenda kumuuliza mume kwa ishara. Mume anaomba kitu cha kuandikia, anaandika kwamba ni kama mke alivyosema, na ulimi wake unafunguka.

Sehemu hiyo katika mchezo wetu haipo. Ilikatwa zamani, mchezo ni mrefu na watoto wanasinzia. Elizabeti wetu anampokea Maria, anafurahi, anatoka. Kumbe miaka yote walinifundisha nusu ya utii. Utii wa yule mama kwa Mungu ndio uliomfanya awakatalie watu, na hilo katekista hakuwahi kusimamisha mazoezi ili atuambie.

Nilirudi nyumbani na maji yangu nikiwa na hasira mpya, nzuri, inayonitia nguvu. Sikujua nitaifanyia nini.

Wiki ile ile tulifanya mazoezi ya mavazi kwenye uwanja wa nyumba ya mama kiongozi. Nilifunga mto wangu, nikafunga kikwembe juu yake, nikaweka mkono kiunoni kwa sababu mkanda ulikuwa unateleza. Msichana mmoja wa kwaya akanipiga picha. Maria hakuwa ameingia, malaika alikuwa chooni, kwa hiyo katika picha niko peke yangu, na tumbo langu, nimeinamisha uso kama mwenye haya. Akaiweka kwenye kikundi cha simu cha shirika. Katika shirika letu nusu ya watu ni wa Butembo na Beni, na kila mmoja ana shangazi kule. Picha ilisafiri haraka kuliko mtu.

Kesho yake simu ya mume wangu ililia tukiwa mezani. Niliwasikia wanawake wengi wakipiga vigelegele, na juu yao sauti ya mama mkwe, ikilia na kucheka. Alimuuliza mwanawe kwa nini alimficha jambo kubwa namna hii. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa na kijiko mkononi. Neno moja tu lingetosha, neno mchezo, na watoto wa miaka minne wanalijua.

“Mungu ni mwema, mama,” alisema, akakata simu.

Nilimuuliza mbona hakumwambia. “Alikuwa na furaha sana,” akajibu. “Nitamwambia pole pole.” Pole pole yake naijua. Nilichukua simu yangu nimpigie mama mwenyewe, lakini mtandao ulikuwa umekufa, na uliporudi yeye alikuwa ameshapanda gari na simu yake haipatikani.

Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo alizunguka kwa Uganda, akaingia tena upande wetu, akapita Rumangabo amekaa juu ya magunia. Alifika Noeli ikiwa imebaki siku chache, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba mfuko wa unga wa ulezi wa kumpikia mzazi uji, na kikwembe kipya cha kubebea mtoto mgongoni. Nilikuwa kwenye mashini. Hakunisalimia. Alikuja moja kwa moja, akapiga magoti kwenye vitambaa vyangu, akaweka kiganja chake tumboni mwangu.

Niliona uso wake ukibadilika chini ya mkono wake mwenyewe.

“Mama,” nilimwambia, “ilikuwa muto ya mchezo wa Noeli. Sina mimba. Nilitaka kukuambia, mtandao ilikosa.”

Alimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni na mizigo. Mwanawe alitazama mizigo. Mama akainuka, akajipangusa magoti, akamtuma akanunue sukari. Tulipobaki wawili akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilimhurumia, kwa kweli. Nilitaka hata kumletea maji aoge.

“Nilifikiri umeshaelewa,” akasema.

“Kuelewa nini, mama?”

“Mutoto wangu, huyu bwana yako alipoanza kuota ndevu alivimba mashavu, na ugonjwa ikamushukia chini. Masista ba dispensaire baliniambia, huyu pengine hatazala. Nilijua mbele ya kuleta mbuzi kwenu. Sasa nilimutuma mudogo wake hapa ju ya nini? Ju ya duka? Mwaka muzima alilala mu nyumba yako, na weye ulikuwa unamupikia tu.”

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Niliuweka mezani taratibu. Kumbe huyu mama aliposema mwanamke mwenye akili hakosi mtoto, alikuwa ananionyesha njia. Kumbe aliposafiri siku zote zile juu ya magunia akiimba Mungu ni mwema, alikuwa anashukuru kwamba hatimaye nimelala na shemeji yangu. Mwanawe alimficha mama yake, mama akamficha mwanawe, kila mmoja akiilinda heshima ya mwenzake, na katikati yao wakanilaza mimi niwe daraja. Miaka yote hiyo nimewekewa mikono. Nimekunywa majani machungu kwa ajili ya ugonjwa wa mtu mwingine, na aliyejua kuliko wote ndiye aliyenitumia majani mengi kuliko wote.

“Ulijua,” nilisema.

“Wazazi bote banajua kitu ya watoto wao,” akajibu, na sauti yake haikuwa mbaya. “Tuache ile. Kule Butembo nimeshaambia familia, misa ya shukrani imeshasomwa. Sasa tutasema imetoka. Ulikuwa unabeba maji, ukaanguka. Batu watakuja, watalia na weye, tutapika, itaisha.”

Mtu asiseme kwamba wanawake wa biashara hawana akili. Mimba iliyotoka ingefanya kazi zote kwa mpigo mmoja. Mwanawe angekuwa mwanaume mzima machoni pa watu, yeye angekuwa bibi wa marehemu, mimi ningekuwa mwenye bahati mbaya kama kawaida yangu. Nilimuuliza, na mwakani?

“Mwaka kesho mudogo wake atarudi,” akasema, akaanza kufungua mfuko wa ulezi.

Mume wangu alirudi na sukari. Wakazungumza Kinande, lugha ya kwao, na Kinande chao nakisikia vya kutosha. Mama alimweleza mpango wote, na mwanzoni kabisa alimwambia kwamba ule ugonjwa wake wa ujanani yeye hakuusahau. Niliona mshipa wa shingo ya mume wangu ukiruka. Kwa mara ya kwanza alijua kwamba miaka yote alijificha kwa mtu aliyekuwa anamwona. Nikasema moyoni, sasa atasema. Hana tena anachokilinda. Sasa atamwambia mama yake, mwache mke wangu.

“Sikia ile mama anasema,” aliniambia mimi.

Nilijibu hapana. Walidhani ni uchovu. Jioni ile mama mkwe alimpigia mama kiongozi, akamnong'onezea habari ya msiba, na nafasi yangu katika mchezo ikapewa mama mwingine, kwa sababu mwanamke aliyepoteza mimba hafungwi mto. Mkesha wa Noeli, ambao siku hizi tunaufanya mchana kwa sababu ya usalama, nilikaa kwenye benchi nikatazama mto wangu ukiingia na kutoka. Watu walinipisha njia. Nilikuwa na siku moja ya kuamua, na niliitumia yote kumwomba Mungu anipe ulimi.

Noeli yenyewe, baada ya misa, wanawake wa shirika walikuja nyumbani. Walileta sufuria ya maharagi na kuni, kama tunavyofanya kwa aliyefiwa. Ni wanawake wazuri, ninawajua, wameacha watoto wao na nguo zao mpya na sahani ya nyama ya mwaka ili waje kulia na mimi. Walikaa chini kwenye mkeka. Mama mkwe alikuwa ameshajifunga kikwembe kichwani kama mfiwa. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, uso wa msalaba.

Mama kiongozi akaanza. “Mama, tumekuja kulia na weye. Mungu alitoa, Mungu alikamata.”

Nilisimama. “Asanteni kwa kuja,” nikasema. “Lakini hapana. Hakuna mimba yenye ilitoka. Sijabeba mimba hata siku moja. Ile picha ilikuwa ya mchezo, munaijua bote, mulikuwa pale. Daktari alitupima sisi wawili, alisema miye niko muzima. Papa huyu, bwana yangu, alikuwa kando yangu, alisikia. Mumuulize.”

Nje watoto walikuwa wanapasua baluni. Wale waliokuwepo kwenye mazoezi walianza kutazamana, na niliona wazi kwamba wanakumbuka mto, wanahesabu, wanakaribia kuelewa. Mama kiongozi akamgeukia kwa heshima.

“Papa, ile anasema ni kweli?”

Mume wangu aliinua kichwa. Nitakuwa mwongo nikisema sikutumaini. Nilitumaini kwa mwili wangu wote, mpaka masikio yalikuwa yanalia. Nilimwona anafungua mdomo. Miaka yote nilikuwa nimeombea mdomo ule ufunguke.

“Hapana,” alisema, kwa sauti safi ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuchumbiane. “Ni huzuni njo inamusemesha. Mimba ilikuwa. Ilikuwa imeanza kweli, kabla ya ile picha. Mumusamehe.”

Niliuona ule ukaribu wa kuelewa ukizimika usoni mwao, mmoja baada ya mwingine. Walipumua. Huzuni ni kitu wanachokijua. Walinikalisha, wakanizunguka, wakaweka mikono mabegani mwangu, na mama kiongozi akaanzisha rozari. Mama mkwe aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na mimi niliitikia. Watu niliowasimulia baadaye wamenishangaa kwa hilo, lakini mle chumbani kulikuwa na Mmoja ambaye hakuhitaji kumuuliza mume wangu, na kwake jina langu lilikuwa safi. Nilishaacha kumwomba mtoto. Nilishaacha hata kumwomba ushahidi. Nilisali kila neno kwa hasira na kwa imani, vyote viwili, na sikuona kimoja kikimfukuza mwenzake. Tulipofika kwenye amina nilitoa mikono yao mabegani mwangu, nikawaambia kwamba mimi sina maiti, wachukue maharagi yao wakale na watoto wao, ni Noeli.

Mama mkwe aliondoka kabla ya Bonane. Mume wangu alimsindikiza, na mpaka leo hajarudi. Duka analiendesha mdogo wake, ananisalimia kwa adabu ile ile. Mimi nimebaki na mashini yangu na nyumba ya kupanga, nakwenda misa, nakaa benchi la mbele.

Kutoka Butembo imenifikia habari kwamba ile mimba niliitoa mwenyewe kwa makusudi, kwa roho mbaya wanayodai ni ya watu wa Masisi. Mama kiongozi alimpigia mume wangu simu ili asikie kutoka kwake kama ni hivyo. Hakukana wala hakukubali. Alimwambia tu kwamba yeye ameshanisamehe.